UZI: Fischer na Tal, Leipzig 1960. Sare ya hatua 21 na ufunguzi wa Kifaransa ulioizaa

#1 – Farasi wa c3 (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam, heshima kwenu wote. Juzi humu ndani watu wamebishana mpaka usiku kwamba mechi ya chesi ikiisha sare basi wachezaji wameogopana, wamepeana mikono wakaenda kula. Nimeona hoja hiyo inastahili uzi wake maana inanikera kwa kweli, si kwamba sare za hivyo hazipo, zipo tele, ila kuna sare ambazo ukizipitia hatua kwa hatua jasho linakutoka, na leo naweka moja mezani tuichambue taratibu.

Mechi yenyewe ni Bobby Fischer dhidi ya Mikhail Tal, Olimpiadi ya chesi (mashindano ya timu za nchi), Leipzig, Ujerumani Mashariki, mwaka 1960. Marekani na Sovieti, meza ya kwanza. Tal hapo ndo bingwa wa dunia, mwezi wa 5 mwaka huohuo katoka kumtoa Botvinnik, aliyekuwa bingwa, kwa 12.5 kwa 8.5, kijana wa miaka 23 na hakukuwa na bingwa wa dunia mdogo kuliko yeye kabla ya hapo. Fischer ana miaka 17. Na msisahau mwaka uliotangulia, 1959, kwenye mashindano ya kumtafuta mpinzani wa bingwa kule Yugoslavia, Tal alimpiga Fischer mechi zote 4, nne kwa bila. Kwahiyo dogo anakaa na vyeupe mbele ya mtu aliyemfunga mara 4 mfululizo, mnafikiri alikuja kuomba sare?

Hatua hizi hapa, chukueni ubao au simu mfuatishe (K mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi, askari hana herufi; x ni kula, + ni cheki yaani mfalme anashambuliwa, 0-0 ni kumficha mfalme upande mfupi na 0-0-0 upande mrefu; nukta 3 baada ya namba ni hatua ya mweusi):

1.e4 e6 2.d4 d5 3.Nc3 Bb4 4.e5 c5 5.a3 Ba5 6.b4 cxd4 7.Qg4 Ne7 8.bxa5 dxc3 9.Qxg7 Rg8 10.Qxh7 Nbc6 11.Nf3 Qc7 12.Bb5 Bd7 13.0-0 0-0-0 14.Bg5 Nxe5 15.Nxe5 Bxb5 16.Nxf7 Bxf1 17.Nxd8 Rxg5 18.Nxe6 Rxg2+ 19.Kh1 Qe5 20.Rxf1 Qxe6 21.Kxg2 Qg4+ sare.

Angalieni kuanzia Tal alipokula e5 hatua ya 14 mpaka alipokula g2 hatua ya 18. Hapo katikati hakuna mtu aliyesogeza kete bila kula, ni kula, kuliwa, kula, kuliwa, mara 9 mfululizo. Waoga hawachezi hivi. Na msimamo wangu kwenye uzi huu ni mmoja tu, kwamba moto wote huo haukuanza hatua ya 14, uliwashwa kwenye ufunguzi, tangu hatua ya 4 mpaka ya 7. Nitaelezea ila kwanza niwasikie.

#2 – Mtaa wa Pili

Mkuu shukrani kwa uzi. Mimi ndo wale waliosema sare ni uoga na bado nasimama hapohapo kwa sehemu kubwa, maana mashindano makubwa unaona mtu anacheza hatua 14 wanasalimiana. Hii yako naikubali ni kali ila moja haifuti mia. Halafu mimi ufunguzi wa Kifaransa najua ni ule wa kujikunyata, e6 d5 unakaa ndani unamsubiri mtu. Sasa patashika hii imetoka wapi?

#3 – Dada Ngome

Habari zenu. Naombeni mnieleweshe taratibu, mimi nimeanza chesi mwaka jana, nimefuatisha mpaka hatua ya 7 nikakwama. Yule farasi wa c3 wa mweupe si anataka kuliwa na askari wa d4? Kwanini Fischer anamuacha anatoka na malkia?

#4 – Farasi wa c3

Dada Ngome swali lako ndo kiini cha uzi huu, asante sana. Mtaa wa Pili na wewe nakuunganisha hapahapa.

Ni kweli Kifaransa kina sifa ya ukimya. Jina lenyewe ni la zamani, limetokana na mechi ya barua kati ya Paris na London iliyoanza mwaka 1834, Paris wakajibu e4 kwa e6. Mweusi anajenga ukuta wa e6 na d5, tatizo lake kubwa siku zote ni yule askofu wa c8 anayezibwa na askari wake mwenyewe. Lakini ndani ya Kifaransa kuna tawi linaitwa Winawer, kwa jina la Szymon Winawer wa Warsaw, nalo ni 3...Bb4. Hapo mweusi anaacha ukimya. Anampeleka askofu wake wa mraba mweusi akamfunge farasi wa c3, yaani anamtoa nje askofu ambaye ndiye mlinzi wa g7. Shikeni hilo la g7, kila kitu kinarudi pale.

Mweupe anasukuma e5, mweusi anagonga katikati kwa c5, mweupe anamuuliza askofu kwa a3. Wengi hapo wanakula farasi c3 na maisha yanaendelea. Tal akarudi a5. Tawi hili la Ba5 siku hizi wanaliita la Kiarmenia kwa sababu wachezaji wa Armenia kama Vaganian walilitumia sana, ila kabla yao Botvinnik alishalipeleka kwenye mechi ya ubingwa wa dunia 1954 dhidi ya Smyslov, na kwenye mechi ya 9 Smyslov akaja na haya haya ya malkia g4, akala g7 na h7, mwishowe akamtoa malkia wake sadaka akashinda. Kwahiyo Fischer na Tal hawakuwa wanabahatisha, wote wawili walijua wanaingia wapi.

Sasa hatua ya 6, b4. Askofu wa a5 anataka kuliwa. Badala ya kumkimbiza Tal anakula d4, na sasa farasi wa c3 naye anataka kuliwa. Kila mmoja ana kete yake mdomoni mwa mwenzake. Fischer angeweza kumtoa farasi kwenda b5, ni njia inayojulikana na inachezwa mpaka leo. Yeye akasema hapana, malkia g4. Maana yake: wewe kula farasi wangu, mimi nakula askofu wako, tumelipana, ila g7 haina mlinzi na mimi naingia ndani. Tal naye hakuilinda g7, akatoa farasi e7, maana yake: ingia.

Dada Ngome umeona? Farasi hakuachwa bure, aliuzwa kwa askofu, na juu yake Fischer akachukua g7 na h7. Mpaka hatua ya 10 ukihesabu, Fischer ana askari 7 na Tal ana 6. Fischer yuko mbele askari mmoja na ile njia ya h iko wazi kwa askari wake wa h2. Tal amepata nini? Amepata njia ya g ikiwa wazi, ngome yake iko g8 inatazama moja kwa moja g2. Ana askari c3 aliyekwama kama mfupa kooni mwa mweupe. Na malkia wa Fischer yuko h7, mbali na nyumbani, mfalme wake hana msaidizi. Hii ndo maana nasema sare ilizaliwa kwenye ufunguzi: mweupe ana mali, mweusi ana njia, na hakuna kurudi nyuma tena.

#5 – Kijiwe cha Jioni

Umeeleza vizuri mkuu ila mimi napinga kidogo hapo kwenye g7. Mimi nacheza Kifaransa miaka mingi na nakwambia yule malkia akishakula g7 na h7 amepoteza muda, hatua 3 za malkia peke yake huku mweusi anatoa farasi zake zote mbili. Mweupe angecheza farasi b5 angelala usingizi. Halafu Fischer huyu huyu Kifaransa kilikuwa kinamsumbua, mwaka huohuo 1960 kule Buenos Aires Uhlmann alimpiga kwa Kifaransa hikihiki. Kwanini arudie?

#6 – Farasi wa c3

Kijiwe, la Uhlmann ni kweli kabisa na umefanya vizuri kulileta, yule Mjerumani alikuwa mtu wa Kifaransa maisha yake yote. Na ndo maana naipenda zaidi mechi hii. Fischer alikuwa na imani kwamba Winawer kwa misingi si sahihi, kwamba mweusi anadhoofisha upande wa mfalme wake, na alikuwa mtu wa kwenda kuithibitisha imani yake mezani, hata kama keshapigwa, hata kama mbele yake kakaa bingwa wa dunia. Kuhusu muda uliopotea nakubali umepotea, ila umelipwa kwa askari. Kwenye chesi muda una bei, tatizo ni kujua bei imezidi au bado, na hawa wawili walikubaliana kutokukubaliana, wakaacha ubao uamue.

Sasa naomba twende hatua ya 11 mpaka 15 maana hapa watu wanapita haraka na kuna utamu.

Malkia c7 ya Tal inalenga e5. Farasi wa c6 naye analenga e5. Fischer ana farasi f3 tu wa kumlinda, kwahiyo anapeleka askofu b5 kumfunga farasi wa c6 asiweze kutoka maana nyuma yake kuna mfalme. Tal anaweka askofu d7, kamba imekatika. Fischer anampeleka mfalme kwenye maficho ya upande mfupi, Tal anampeleka wake upande mrefu. Wafalme wako pande tofauti na g iko wazi, hapo hata mgeni wa chesi anajua kuna mtu anaumia.

Hatua ya 14 Fischer anaweka askofu g5, anamkandamiza farasi wa e7 na nyuma ya farasi kuna ngome ya d8. Tal anakula e5. Fischer anakula e5 kwa farasi. Tal anakula b5 kwa askofu. SIMAMENI HAPO. Angalieni ubao baada ya 15...Bxb5. Ngome ya Fischer ya f1 inalengwa na askofu wa b5. Farasi wake wa e5 analengwa na malkia. Askofu wake wa g5 analengwa na ngome ya g8 na hana mlinzi. Kete 3 za mweupe ziko hatarini kwa wakati mmoja na ana hatua moja tu ya kucheza. Mtu wa kawaida hapo ameshakata tamaa.

Jaribuni wenyewe kutafuta kabla hamjaendelea kusoma.

#7 – Dada Ngome

Nimekaa nayo dakika kama kumi hivi, farasi anakula f7! Kwa sababu akiwa f7 anamlinda askofu wa g5, na mwenyewe analindwa na malkia wa h7, na bado anataka kula ngome ya d8. Kwahiyo imebaki f1 tu ndo inaliwa. Nimepatia?

#8 – Farasi wa c3

Dada Ngome umepatia mia kwa mia, na hivyo ndivyo alivyocheza. Hatua moja imeokoa kete 2 na imetishia ya tatu.

Tal anakula f1, ngome imekwenda. Fischer hana haraka ya kumla yule askofu wa f1, anakula d8 kwanza. Tal hamli farasi wa d8, anakula askofu wa g5 kwa ngome. Hapa sasa Fischer akimla askofu wa f1 tu, farasi wake wa d8 anakufa na anabaki nyuma kete nzima. Kwahiyo 18.Nxe6, farasi yuleyule, anawalenga malkia wa c7 na ngome ya g5 kwa mpigo. Mfuatilieni huyu farasi jamani: kaanzia g1, f3, e5, f7, d8, e6. Amekula e5, f7, d8 na e6. Nimejiita humu kwa jina la farasi wa c3 lakini huyu wa g1 ndo aliyefanya kazi.

Ukimlenga Tal malkia na ngome kwa pamoja unadhani umemaliza, ila Tal ngome yake inaondoka ikiwa na cheki: 18...Rxg2+. Mfalme hawezi kuila kwa sababu askofu yuko f1 anailinda. Mfalme akila f1, ngome inakula h2, inamlenga malkia wa h7 huku inalindwa na malkia wa c7, Fischer hakuitaka hiyo. Akaenda h1. Malkia wa Tal bado analengwa, anaruka e5 na kumlenga farasi. Fischer anakula f1, sasa ngome ya g2 haina mlinzi. Tal anakula farasi e6, Fischer anakula ngome g2, Tal malkia g4 cheki. Mkono.

#9 – Mtaa wa Pili

Aisee. Sawa mkuu hii nimenyoosha mikono. Ila sasa niulize, mwisho pale nahesabu naona Fischer ana malkia na ngome na askari 5, Tal ana malkia na farasi na askari 4. Fischer yuko mbele kabisa. Kwanini akubali sare? Hapo si ndo uoga wenyewe?

#10 – Farasi wa c3

Hapana mkuu, hapo hakuna kukubali wala kukataa, hana pa kwenda. Mfalme yuko g2, malkia g4 anampa cheki. Mfalme hawezi f3, h3 wala g3, zote ni za malkia, g1 iko kwenye mstari uleule wa g, f1 kakaa ngome wake mwenyewe. Imebaki h1 peke yake. Akienda h1, malkia f3 cheki, imebaki g1 peke yake. Akienda g1, malkia g4 cheki, imebaki h1. Malkia wake wa h7 hawezi kufika g2 wala g3 kuziba. Ni cheki isiyokwisha, hata ukikaa mpaka asubuhi.

Na kwa wageni niongeze kidogo, kwenye kanuni za FIDE (shirikisho la chesi duniani) siku hizi hakuna kipengele kinachosema cheki isiyokwisha ni sare moja kwa moja, kinachoifanya iwe sare ni kwamba mpangilio uleule ukitokea mara 3 mchezaji ana haki ya kudai, au wanakubaliana tu kwa sababu wote wameona.

Kuhusu zile sare za kupeana mkono, mimi siwatetei hata kidogo na Fischer mwenyewe alizichukia. Curaçao 1962, kwenye mashindano ya kumtafuta mpinzani wa bingwa, Wasovieti Petrosian, Keres na Geller walicheza wao kwa wao mechi 12 na zote zikaisha sare, nyingi zikiwa fupi, Fischer akaandika hadharani kwamba Wasovieti wanapanga matokeo, na baada ya hapo FIDE wakauacha mfumo ule wa mashindano ya wengi wakaweka mechi za mtu na mtu za mtoano kuanzia 1965. Baadaye sana, 2005 kule Sofia, waandaaji wakaweka sheria kwamba mchezaji haruhusiwi kumuomba mwenzake sare, na hata chini ya sheria kama ile mechi hii ya Leipzig ingeisha sare vilevile. Ndo tofauti ninayoitaka ionekane. Ukiweka zote kwenye kapu moja kwa sababu tu karatasini zimeandikwa nusu kwa nusu unamkosea mtu aliyehatarisha kila kitu.

Halafu wakati ule Olimpiadi ilihesabiwa kwa pointi za kila meza, si ushindi wa timu kama ilivyokuja kuwa kuanzia Dresden 2008. Kwahiyo nusu pointi ya Fischer dhidi ya bingwa wa dunia iliingia moja kwa moja kwenye hesabu ya Marekani, na Marekani walimaliza wa pili nyuma ya Sovieti.

#11 – Kijiwe cha Jioni

Nimekubali hoja kuu, ila swali langu la mwisho na la msingi kwa mtu wa Kifaransa kama mimi. Hatua ya 13 kwanini Fischer asimle farasi wa c6 kwa askofu kabla ya kumficha mfalme? Maana e5 ingebaki na adui mmoja tu.

Pia Tal pale mwisho, hakuna alichoweza kujaribu zaidi ya cheki? Huyu alikuwa mtu wa kutafuta ushindi kwenye kila kona.

#12 – Farasi wa c3

Kijiwe hapo 13 uko sahihi kwamba e5 inapumua, malkia peke yake ndo anailenga na farasi wa f3 anailinda. Gharama yake ni kwamba mweupe anamtoa askofu wake wa mraba mweupe, na yule askofu wa mweusi aliyekuwa amezibwa muda wote, ugonjwa wa Kifaransa niliousema, anahamia c6 bila kutoa jasho na akisukuma d4 tu anatazama mpaka f3 na g2. Mimi ningekuwa na vyeupe leo ningejaribu hiyo yako, kwa sababu napenda kuwa na askari wa ziada na nafasi ya kupumua, lakini ni ladha. Fischer alitaka wote wawili waendelee kushambuliana.

Kuhusu Tal mwisho, farasi wake wa e7 analengwa na malkia wa h7. Asipotoa cheki hatua moja tu, farasi anakwenda na yuko nyuma ngome nzima. Kwahiyo na yeye kafungwa kamba ileile, Fischer hawezi kutoka na Tal hawezi kuacha. Mwaka uliofuata kule Bled wakakutana tena, Fischer akashinda mechi yao japo mashindano aliyachukua Tal.

Anayetaka kujifunza zaidi apange ubao baada ya 13...0-0-0, acheze vyeupe mara moja na vyeusi mara moja na mtu anayemzidi kidogo, halafu alete hatua zake humu tuzipitie pamoja. Dada Ngome nakusubiri wewe wa kwanza.